Kanuni na Mahubiri: Maisha ya Profesa James Naismith

James Naismith, mtu aliyebuni mpira wa kikapu, alistaafu mwaka 1937 akiwa profesa wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Alikuwa pia mhitimu wa theolojia, daktari wa tiba na mchungaji wa Kanisa la Presbiteri, na katika kazi hizo zote aliyoishika muda mrefu zaidi ndiyo ile ambayo watu wengi wa dini wa zama zake waliiona duni. Swali lililomfuata maisha yake yote ni la kale: je, mazoezi ya mwili yanaweza kumfanya mtu awe mwema, au humpa nguvu tu, ambazo baadaye atazitumia kwa wema au kwa uovu? Naismith alilijibu kwa vitendo kwa karibu nusu karne. Jibu lake lina uzito mkubwa mahali pamoja na pengo kubwa mahali pengine, na yote mawili yanaonekana vizuri zaidi maisha yake yakifuatwa kuanzia mwanzo.

Shaka ya wanadini juu ya mwili ilikuwepo karne nyingi kabla yake. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, mazoezi ya mwili yanahesabiwa kuwa na faida ndogo yakipimwa na utauwa. Tertullian wa Karthago, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, alitunga kitabu kizima cha kuwakataza Wakristo kwenda kutazama michezo ya Warumi. Upande wa pili, Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho unauita mwili hekalu, na sura chache mbele unamtumia mkimbiaji na mpiganaji ngumi kueleza juhudi ya imani. Katika Uislamu, Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anashauri katika kitabu chake Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze, kwani kumnyima mchezo huufisha moyo wake na kumfanya aikimbie elimu. Si kila mwalimu wa madrasa huikumbuka nasaha hiyo ifikapo alasiri.

Ukiziangalia hoja hizo kwa makini, hata zile zinazoutetea mwili zinautetea kwa masharti. Kwa Paulo, mwandishi wa waraka huo kwa Wakorintho, mbio ni mfano wa jambo jingine. Kwa Ghazali mchezo ni pumziko linalomrudisha mtoto kwenye kazi halisi, yaani kusoma. Aliyethubutu kwenda mbali zaidi ni Plato. Katika kitabu chake Jamhuri anadai kuwa mazoezi na muziki vyote viwili vimewekwa kwa ajili ya nafsi: afanyaye mazoezi peke yake huwa mkali kupita kiasi, na ashikaye muziki peke yake hulegea. Kwa maneno mengine, uwanja wa mieleka unafanya kazi moja kwa moja juu ya tabia. Dai hilo lilikaa vitabuni karne nyingi bila kuwasumbua sana wachungaji.

Lilifufuka Uingereza katikati ya karne ya 19. Charles Kingsley, kasisi na mwandishi wa riwaya, na Thomas Hughes, aliyechapisha hadithi ya mwanafunzi Tom Brown mwaka 1857, waliwachora Wakristo wenye vifua vipana na mikono ya kazi, na wakosoaji wakawabandika jina la dhihaka, Ukristo wa misuli. Jina likadumu, dhihaka ikapungua. Sababu za kijamii zilikuwa wazi. Viwanda vilikuwa vimewakusanya mijini maelfu ya vijana waliotoka mashambani, wakilala vyumba vya kupanga na kumaliza jioni zao kwenye vilabu vya pombe. YMCA, jumuiya ya vijana Wakristo iliyoanzishwa London mwaka 1844 na George Williams, kijana mfanyakazi wa duka la vitambaa, ilianza kwa sala na kusoma Biblia. Ukumbi wa mazoezi uliingia baadaye, na kwa viongozi wengi ulikuwa chambo: kijana aje kwa ajili ya mazoezi, akifika aonyeshwe Biblia.

Luther Gulick, aliyesimamia mafunzo ya mazoezi katika chuo cha YMCA cha Springfield, Massachusetts, alilikataa wazo la chambo. Kwake roho, akili na mwili ni pande tatu za mtu mmoja, na pembetatu ambayo YMCA inaivaa hadi leo ilitokana na fundisho hilo. Tofauti si ndogo. Mazoezi yakiwa chambo, hayana thamani tena mara samaki anapokamatwa. Yakiwa upande wa mtu mwenyewe, basi mwalimu wa viungo anafanya kazi ya kiroho hata siku ambayo hakutaja jina la Mungu. Naismith alifika Springfield mwaka 1890 akiwa ameshaanza kuamini hivyo, na imani hiyo ilikuwa imemgharimu.

Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na Almonte, Ontario, Kanada, katika familia yenye asili ya Uskoti. Mwaka 1870 homa ya matumbo iliwaua baba na mama yake, akalelewa na mjomba wake mseja, mtu mkali na mcha Mungu. Aliacha shule akiwa kijana, akafanya kazi kwenye kambi za wakata magogo, kisha akarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake kwa sababu alikuwa amekusudia kuwa mchungaji. Katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alipata shahada mwaka 1887, akaendelea na theolojia katika Chuo cha Presbiteri cha mji huohuo hadi 1890. Wakati wote huo alikuwa akifanya mazoezi na kucheza raga. Inasimuliwa kuwa baadhi ya wanafunzi wenzake wa theolojia walikutana kumwombea, kwa hofu kwamba ukumbi wa mazoezi utamponza roho, na kwamba alipata kupanda mimbarani akiwa na macho yaliyovimba kutokana na mechi ya siku iliyotangulia.

Tukio alilolitaja mwenyewe kuwa ndilo lililomgeuza lilikuwa dogo. Katikati ya mechi, mchezaji aliyekuwa jirani yake alipandwa na hasira na kutoa matusi, kisha akamgeukia Naismith na kumwomba radhi, akisema alisahau kuwa yupo. Naismith hakuwa amemkemea wala kumhubiria. Kilichomsimamisha yule kijana ni kuwepo kwa mtu aliyemheshimu, ambaye anacheza kwa nguvu sawa na yeye bila kutukana. Hapo Naismith akaona kuna njia ya kufikia mioyo ya vijana ambayo haipiti kanisani. Dada yake, Annie, hakukubaliana naye. Kwa Mpresbiteri wa kizazi kile, mtu aliyesomea uchungaji na kisha akaenda kufundisha sarakasi na mipira alikuwa ameshika jembe na kutazama nyuma, na inaelezwa kuwa hata uzeeni Annie alishikilia hukumu hiyo.

Mwezi Desemba 1891 Gulick alimkabidhi darasa la watu wazima waliochoshwa na mazoezi ya kunyanyua miguu kwa hesabu. Walimu wawili walikuwa wameshashindwa nalo. Alipewa siku 14 kutafuta mchezo wa ndani wa kuwachangamsha wakati wa baridi. Alijaribu kuiingiza ndani michezo ya nje, ukumbi ukawa mdogo na watu wakaumizana. Ndipo akaacha kukopa, akaanza kufikiri kwa kanuni: kwa nini katika raga watu wanakabana na kuangushana? Kwa sababu mwenye mpira anakimbia nao, na njia pekee ya kumzuia ni kumkamata mwili. Mtu akikatazwa kukimbia na mpira, sababu ya kumkamata inaondoka. Na goli je? Goli la kusimama wima hualika shuti kali. Goli likilazwa na kupandishwa juu ya vichwa, mpira hauna budi kurushwa kwa upole uende kwa upinde, na nguvu za kinyama hazina faida tena. Wazo la urushaji huo alilitoa katika mchezo wa utotoni wa kulenga jiwe lililowekwa juu ya mwamba. Mhudumu wa jengo akamletea vikapu viwili vya mapichi, vikapigiliwa misumari kwenye kingo za roshani, kimo cha futi 10, yaani mita 3.05. Kimo hicho hakijabadilishwa mpaka leo.

Kanuni alizobandika ukutani zilikuwa 13. Kupiga bega, kushika, kusukuma, kutega na kupiga viliitwa faulo. Faulo ya pili ilimtoa mchezaji hadi goli lijalo lifungwe, na ikionekana alikusudia kuumiza, alitoka kwa mechi nzima bila mtu wa kumrithi. Wachezaji 18 wa darasa lile waligawanywa tisa kwa tisa, na mchezo ukaisha kwa goli moja kwa sifuri, lililofungwa na William Chase.

Ushahidi wenye thamani zaidi juu ya siku zile ulitoka kinywani mwa Naismith mstaafu. Januari 1939, katika mahojiano ya redio huko New York, alieleza kuwa jaribio la kwanza liliharibika: vijana walikabana, wakapigana mateke na ngumi katikati ya ukumbi, na mmoja alizimia. Kilichoutuliza mchezo, alisema, ni kanuni ya kutokimbia na mpira. Sauti hiyo ilikaa bila kujulikana hadi ilipotangazwa mwaka 2015 na mtafiti wa masomo ya dini wa Chuo Kikuu cha Kansas, na ilistahili kupatikana na mtu wa fani hiyo. Vijana wa jaribio la kwanza na wa majaribio yaliyofuata ni walewale, wakiwa na hasira zilezile. Hakuna aliyeongoka katikati. Kilichobadilika ni muundo wa mchezo.

Hapa ndipo fikra ya Naismith inapojitenga na ya wahubiri wenzake. Mhubiri humwambia mtu asitende kosa; mtunga kanuni huondoa faida ya kulitenda. Si vigumu kuona nyuma yake mafundisho ya Calvin aliyokulia: binadamu ameanguka, wema wake hauaminiki, kwa hiyo heri kumjengea utaratibu kuliko kutegemea nia yake. Mwanafalsafa Bernard Suits, aliyefundisha Waterloo katika Ontario ileile, aliandika mwaka 1978 kuwa kucheza ni kujitakia vikwazo visivyo vya lazima ili kupata furaha ya kuvishinda. Anayetaka tu mpira uingie kikapuni angeleta ngazi. Mchezaji anaikataa ngazi kwa hiari, na hiari hiyo ndiyo tofauti kati ya kanuni ya mchezo na sheria ya polisi. Aliyeingia uwanjani amekubali kubanwa.

Lakini pingamizi ni kubwa. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anasema mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu mara kwa mara, na kauli hiyo inaonekana kumpa Naismith haki yake. Aristotle huyohuyo, hata hivyo, anadai kwamba tendo lichaguliwe kwa ajili ya wema wenyewe, likitoka katika tabia iliyotulia. Mchezaji asiyempiga mwenzake kwa kuwa kumpiga hakumsaidii chochote bado hajawa mpole. Amezungushiwa ua tu. Mchezo wenyewe umeleta ushahidi dhidi ya mwasisi wake. Yeyote aliyetazama dakika za mwisho za mechi yenye ushindani amewaona walio nyuma wakifanya faulo kwa makusudi ili saa isimame. Kosa limegeuka bei, na bei hulipwa bila haya. Kanuni iliyotungwa kuondoa ukatili imemfundisha mchezaji mahesabu, na kocha anayekataa mahesabu hayo huonekana mzembe.

Naismith aliiona hatari hiyo mapema, na aliiweka kwa makocha kabla ya kuiweka kwa wachezaji. Baada ya kusimamia mazoezi katika YMCA ya Denver na kupata shahada ya udaktari huko mwaka 1898, aliajiriwa Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence, kuongoza ibada za chuo na kufundisha elimu ya viungo. Waajiri wake hawakuona ajabu kumtafuta mtu mmoja wa kazi hizo mbili. Timu aliyoiongoza hadi 1907 ilishinda mechi 55 na kupoteza 60, na inajulikana sana kuwa yeye ndiye kocha pekee katika historia ya timu hiyo aliyepoteza nyingi kuliko alizoshinda. Mwanafunzi wake Forrest Allen alipomweleza kuwa anakwenda kufundisha mpira wa kikapu mahali pengine, Naismith alimjibu kuwa mchezo ule si wa kufundishwa, ni wa kuchezwa. Allen akawa mmoja wa makocha waliosifika zaidi Marekani. Kwa hesabu ya ushindi mwanafunzi alikuwa sahihi, lakini Naismith hakuwa akihesabu ushindi. Alipenda mieleka na mazoezi ya viungo kuliko mpira aliouzaa mwenyewe, alipima miili ya wanafunzi mwaka hadi mwaka, na hakuutajirikia uvumbuzi wake.

Vita vilimrudisha kwenye uchungaji. Mwaka 1916 alikuwa kasisi wa kikosi cha Kansas mpakani mwa Meksiko, na kuanzia 1917 hadi 1919 alikuwa Ufaransa pamoja na YMCA, akizungumza na askari juu ya afya na mwenendo. Askari wale walikuwa na miili iliyofunzwa vizuri kuliko vijana wowote wa kizazi chao, na bado ilibidi mtu avuke bahari kuwaonya kuhusu madanguro na magonjwa. Mazoezi peke yake hayakutosha, na mtetezi wao mkuu ndiye aliyetumwa kuziba pengo.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa Berlin, Agosti 1936. Mpira wa kikapu uliingia Olimpiki rasmi kwa mara ya kwanza, na makocha wa Marekani walichangisha fedha ili mzee huyo akashuhudie. Alisimama mbele ya timu za mataifa yaliyojifunza mchezo wake katika muda wa miaka 45. Fainali ilichezwa nje, kwenye uwanja wa tenisi uliogeuka tope kwa mvua; Marekani iliifunga Kanada 19 kwa 8, nchi aliyopata uraia wake mwaka 1925 dhidi ya nchi aliyozaliwa. Lakini wenyeji wa michezo ile nao walikuwa waumini wakubwa wa mwili. Utawala wa Hitler ulijaza shule mazoezi, ukausifu mwili wenye afya kama fadhila ya taifa, na wakati huohuo uliwafungia Wayahudi milango ya vilabu vya michezo. Kama mazoezi yangekuwa yanazaa wema kwa asili yake, Ujerumani ya mwaka ule ingekuwa nchi ya kuigwa. Hoja ya Plato inahitaji nusu yake ya pili, ile ya kuilea nafsi, na serikali inayouchukua mwili peke yake hupata kile alichokitabiri: ukali.

Isingefaa kumtazama Hitler na kuipita Kansas. Mwaka 1933 John McLendon, kijana mweusi aliyetaka kuwa kocha, aliingia chuoni hapo kusomea elimu ya viungo. Timu ya chuo haikuwapokea weusi, na bwawa la kuogelea lilikuwa la wazungu. Kanuni 13 hazikuwa na la kusema juu ya nani aruhusiwe kuingia uwanjani. Zilianza kazi baada ya mlango kufungwa. Naismith alimpokea McLendon, akawa mshauri wake wa masomo, na mgogoro wa bwawa ulipozuka alisimama upande wake. Hakuifungua timu. Mtu anaweza kusema kuwa profesa wa miaka zaidi ya 70 hakuwa na uwezo huo, na pia kwamba mwasisi wa mchezo angesikilizwa kama angepaza sauti. Mambo hayo mawili hayapingani. McLendon alihitimu mwaka 1936 bila kuichezea timu ya chuo chake hata mara moja, kisha akaiongoza timu ya chuo cha Tennessee A&I kutwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo wa NAIA miaka mitatu mfululizo, 1957 hadi 1959. Maishani mwake mwote alieleza kuwa alichojifunza alikipata kwa Naismith. Alichokipata hakikuwa katika kanuni yoyote iliyobandikwa ukutani. Kilikuwa kilekile kilichomsimamisha yule mtukanaji wa Montreal: kuwepo kwa mtu mmoja wa kuheshimika, karibu.

Naismith alistaafu mwaka 1937 akiwa na miaka 75. Machi ya mwaka huohuo mke wake, Maude, mama wa watoto wao watano, alikuwa amefariki. Mwalimu wa viungo anapozeeka hukutana na swali ambalo mwalimu wa hisabati hakutani nalo kwa namna ileile: chombo cha kazi yake kinachoka mbele ya macho ya watu. Kama mwili ni upande mmoja wa mtu, kama Gulick alivyofundisha, je, mtu hupungua mwili unapopungua? Mwenendo wa Naismith katika miaka miwili na ushei ya kustaafu haukufuata hofu hiyo. Aliendelea kubishana juu ya mchezo. Alipinga kufutwa kwa mpira wa kurushwa katikati baada ya kila goli, badiliko lililoufanya mchezo kuwa wa kasi zaidi. Alioa tena Juni 1939. Alizidi kuandika kitabu juu ya chimbuko na makuzi ya mpira wa kikapu, na kurasa zake zinahusu zaidi sababu ya kila kanuni kuliko sifa za wachezaji.

Alifariki nyumbani Lawrence tarehe 28 Novemba 1939 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, na kitabu kilitoka mwaka 1941. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga alichapisha Homo Ludens, akidai kuwa mchezo ni mkongwe kuliko utamaduni na unajitosheleza bila kutumikia lengo jingine. Kwa kipimo cha Huizinga, Naismith alikosea kuupa mchezo kazi ya uchungaji. Viwanja vilivyoenea duniani vimeugawa urithi wa Naismith bila kuamua nani kati yake na Huizinga ana haki. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, biashara ambayo Naismith hakuishi kuiona. Mjini humohumo, mechi nyingi za ligi ya mkoa zimechezwa kwenye viwanja vya Don Bosco, Upanga, vinavyomilikiwa na shirika la kitawa lililoweka kiwanja cha michezo na kanisa katika ua mmoja.